Kifuu cha Chumvi katika Bweni la Mapadri

Niliingia kazini asubuhi moja ya Ramadhani, miaka kumi kabla ya Mapinduzi, katika jiko la bweni la wavulana wa shule ya mapadri, huko viungani kupita Kiembe Samaki. Nilikuwa mchukuzi bandarini, darasa la tatu sikulimaliza. Lakini kupika, nilikuwa napika! Ng'ambo nzima, mtaa wetu wa mjini Unguja, harusi haikwenda bila mwiko wangu.

Padri Msimamizi, mtu mrefu mwenye ndevu za kijivu, aliniuliza, "Wewe umefunga. Nani atakuonjea?"

Wengine huonja kwa ncha ya ulimi wakatema. Mimi nikajibu, "Mkono wangu, Baba. Hauhitaji ulimi."

"Haya. Chakula kikiliwa, kazi yako. Kikirudi, nawe urudi bandarini."

Wapishi wa shughuli hupima chumvi kwa kifuu cha nazi. Changu nilikuja nacho: kifuu kimoja kwa sufuria moja kubwa ya maharage. Jambo moja sikulijua. Kwetu tulipikia chumvi ya mawe, na vibonge vyake huacha nafasi ndani ya kifuu. Ya mapadri ilikuwa imesagwa, laini kama unga, hujaza kifuu tele. Nikamimina chote.

Kengele ya mchana ikalia. Mara nasikia huko mezani, "Jamani, leo tumepikiwa bahari!"

"Mpishi, bwana, tuletee na ngalawa!"

Sahani zikarudi zimejaa. Padri akaja na kijiko, akaonja, akafumba macho. "Mkono wako muongo."

"Nipe nusu saa, Baba."

Nikapunguza mchuzi nusu nzima, nikatia maji, muhogo, na tui la nazi kumi. Huko ndiko kuzimua.

Padri akaonja. Akaonja tena. "Wape."

Sufuria waliikomba!

Tangu hapo maharage yakapikwa kwa muhogo, na kila siku ya Ramadhani, kabla ya kengele, Padri huyo jikoni na kijiko chake.

"Chumvi, Baba?"

"Bado kidogo."

Nikapanda hadi mpishi mkuu, juu ya watu wanne walionizidi kusoma.

Sasa bweni nimeliacha, nina mkahawa wangu mwenyewe Ng'ambo, meza kumi na mbili. Vijana mnaoanza, chumvi msiyoijua iulizeni kwanza. Ukutani nimetundika barua aliyonipa Padri siku naondoka. Wateja huisoma kwa sauti, nami hujifanya sisikii:

"Nilimwonjea Ramadhani saba. Tangu ya pili hakunihitaji. Niliendelea kwenda kwa ajili ya muhogo."