Mtoto Mgongoni mwa Baba

Nakumbuka vizuri asubuhi ile, mwanangu, nilipoingia soko la Tunduma na gunia la maharage kwenye baiskeli, na binti yangu Esta mgongoni, nimemfunga kwa kitenge cha mama yake. Nilikuwa kijana wa Ndalambo, sina hata mvi. Siku hizi nawaona pale sokoni akina baba wamebeba watoto wao na hakuna anayegeuka. Enzi zetu watu walisimama kuangalia.

"Mayo!" aliita mchuuzi mmoja kutoka ng'ambo ya mpaka, maana huko ndivyo wanavyomwita mama. "Mayo, mnyonyeshe basi huyo mtoto!"

Watu wakaangua kicheko. Uso ukaniwaka moto. Esta mwenyewe alikuwa amelala fofofo, hana habari. Nikainamisha kichwa nikaendelea kupima maharage.

Sikumbeba kwa kutaka sifa. Mke wangu Salome alikuwa amepata nafasi kwenye chuo cha uuguzi na ukunga huko Mbeya, nafasi aliyoiomba kwa Mungu tangu amalize sekondari. Ilipokuja ikamkuta na mtoto aliyeacha ziwa juzijuzi tu. Nikamwambia, "Nenda. Mimi nitabaki naye." Ni maneno mepesi kuyasema, mwanangu. Kuyaishi ndiko kuamka alfajiri kukoroga uji, kufua, na kusuka nywele za mtoto anayepiga kelele utadhani unamchinja.

Habari za sokoni zilifika nyumbani kabla yangu. Baba akaita kikao cha ukoo. Akasema ninawaaibisha, Salome arudi alee mtoto wake. Baba zangu wadogo wote wakaunga mkono. Nilikaa pale nikijua kwamba wakishikilia neno hilo, masomo ya mke wangu yameishia hapo.

Kwenye mkeka kando alikuwa Shangazi Edina, dada mkubwa wa baba, akichambua karanga. Akaacha karanga zake.

"Huyu mtoto ni wa nani?" akauliza.

"Wa kwetu," baba akajibu. "Wa ukoo wetu."

"Akipewa jina ni wa kwetu. Akiolewa, mahari ni ya kwetu. Akitaka kubebwa ndipo anakuwa wa Salome peke yake?"

Shangazi akamgeukia baba, sauti ikashuka. "Mama yake kijana huyu tulimbeba kwa machela akiwa na uchungu, akatufia njiani kwa kukosa mkunga. Leo Mungu anatupa mkunga wetu wenyewe, ninyi mnataka kumrudisha jikoni?"

Baba akainuka akaenda zake. Kesho yake asubuhi akaja mlangoni kwangu. "Nipe mjukuu," akasema. "Wewe nenda shamba." Akamweka Esta mabegani, akapita naye katikati ya kijiji, polepole, ili kila mtu amwone.

Sikudanganyi kwamba baada ya hapo mambo yote yalikuwa laini. Salome alipokuja likizo, Esta alimkimbia akajificha nyuma yangu. Nilimkuta mke wangu nyuma ya jiko akilia.

"Nimempoteza mwanangu. Sirudi tena chuoni."

"Hujampoteza," nikamwambia. "Hajakuzoea tu. Mpe muda."

Na kweli, likizo ilipokwisha Esta alimng'ang'ania shingoni, hataki kumwachia. Salome akapanda basi macho yamelowa, lakini akapanda.

Siku ya mahafali, baba yangu alivaa koti lake la kanisani. Jina la Salome liliposomwa, mzee yule akasimama juu ya kiti akapaza sauti, "Huyo ni mke wa mwanangu! Mpigieni makofi!" Ukumbi mzima ukalipuka. Miye nilicheka huku machozi yananitoka. Salome akaja kufanya kazi zahanati ya jirani na kwetu, na mpaka leo ukipita naye njiani, kina mama wanasogeza watoto wao mbele: "Msalimie huyu, ndiye aliyekupokea duniani."

Basi nakuusia, mwanangu. Mambo mengi tunayoyaita desturi ni mazoea tu ya watu, na watu hao hao wanaweza kuyaacha wakipata mmoja wa kuanza. Mkeo akipata nafasi ya kusoma, usimpe ruhusa ya mdomo tu, mpe na mikono yako. Na kama wewe ni binti, usiombe radhi kwa sababu una akili. Watakaokucheka waache wacheke, wewe maliza ulichoanza.

Mungu aijaze nyumba yako furaha. Akupe mwenzi wa kusimama naye, wazee wenye moyo wa kusikia, na watoto watakaokupita kwa kila jema. Nenda kwa amani, mwanangu. Amina.