Nilimuuliza Mama Mkwe Nikijua Hawezi Kunijibu

Kosa ni langu. Hakuna aliyenishika mkono, hakuna aliyenilewesha, na sikuwa mtoto. Naanza hapo ili mtu yeyote anayejiandaa kunihurumia aache mapema.

Ndugu wa gazeti, jina langu liacheni pembeni. Si kwa woga. Nimeshafukuzwa kazi, nimeshafungwa, sina kingine cha kunyang'anywa. Nalificha kwa ajili ya mwanamke mmoja ambaye amesemwa vya kutosha kwa sababu yangu. Hapa nitamwita Zaina, na si jina lake.

Nilisoma ujenzi kwa mafurere, wale watawa wa Kizungu wa misheni, huku Kasongo. Asubuhi tulijenga kuta na kuzibomoa. Alasiri tulikaa darasani kufundishwa hesabu ya biashara na sheria ya kazi zetu. Wenzangu walisinzia, mimi sikupepesa jicho. Nilijifunza kwamba kuna kazi ya kulipwa kwa siku, na kuna kazi ya bei moja kwa nyumba nzima. Kwenye bei moja, chochote utakachookoa ni chako, na chochote kitakachoharibika ni chako vilevile. Nilijifunza kwamba tofali likisafiri linakula faida. Na nilijifunza kwamba mapatano yaliyopatikana kwa hila si mapatano, hata kama kila mtu ameweka kidole.

Hilo la mwisho nililijibu vizuri sana siku ya mtihani. Furere alinisifu mbele ya darasa zima.

Nilipomaliza nilipata kazi kwa mkandarasi mmoja Mzungu. Alikuwa amepewa kujenga zahanati upande wa Kabambare, kwa bei moja. Udongo mzuri ulikuwa mbali, kule karibu na mto Luama, na lori lake lilikwama kwenye matope karibu kila safari. Jioni alitukana lori, akatukana mvua, akamalizia na sisi. Faida yake ilikuwa inaishia barabarani na kila mtu aliiona.

Mimi niliona na kitu kingine. Kijiji cha wakwe zangu kilikuwa pale pale jirani, na nyuma ya kijiji kulikuwa na vichuguu. Sisemi vile vya kufika magotini. Nasema vile vikubwa vya kupita paa la nyumba. Fundi yeyote wa huku anajua kwamba udongo wa kichuguu unashikana vizuri na haupasuki kwenye tanuri.

"Bwana, udongo iko karibu," nilimwambia.

"Iko ya nani?"

"Iko pori tu."

Haikuwa pori. Vichuguu vile vilikuwa vya mama mkwe wangu. Aliachiwa na mama yake, na mama yake aliachiwa na wake. Mvua za kwanza zikinyesha na kumbikumbi wakaanza kuruka, ni yeye na binti zake waliowanasa, wakawakausha, wakawapeleka sokoni. Uyoga ulioota pale ulikuwa wake. Tumbaku iliyopandwa ubavuni ilikuwa yake. Baba mkwe alikuwa amepooza miguu, halimi, hawindi. Chumvi ya nyumba ile, sabuni, nguo za shule za shemeji zangu wadogo, vyote vilitoka kwenye vichuguu.

Niliyajua yote hayo. Nilipokwenda kuposa, sahani ya kwanza niliyoandaliwa ilikuwa kumbikumbi wa pale.

Sasa, Bula-Matari, yaani serikali ya Wabelgiji, ana sheria yake. Pori lisilo na mtu analihesabu kuwa lake na anaweza kumpa anayetaka. Lakini kabla ya kulitoa, ajenti wa teritwari, ofisa wake wa wilaya, lazima aje, akusanye watu, aulize mbele ya wote kama kuna anayedai. Mtu mmoja akidai, kazi inasimama. Wote wakinyamaza, ajenti anaandika kwamba hapana mwenyewe.

Mkandarasi aliniambia, likipita hilo, wewe ndiwe kapita, msimamizi wa kazi yote. Na mimi nilitaka. Nilitaka kuwa kapita, na baada ya hapo nilitaka siku moja nipewe nyumba ya kujenga kwa jina langu, niweke bei yangu mwenyewe, niajiri watu wangu. Tamaa hiyo siionei haya hadi leo. Mtu asiniambie kwamba mweusi akitaka kuwa mkandarasi amejisahau. Ninachokionea haya ni njia niliyopita.

Wasomaji wa mbali, labda kwenu si hivi, basi nieleze. Kwetu mtu na mama mkwe wake hawaongei uso kwa uso. Akiniona njiani anaingia majanini. Nikimkuta uani anajifunika kichwa kwa kikwembe na kunigeuzia mgongo. Si chuki, ndiyo heshima yenyewe. Akiwa na neno kwangu analipitisha kwa mke wangu peke yake, si kwa binti mwingine, nami namjibu kwa njia hiyo hiyo.

Kwa hiyo, ajenti alipotangaza siku yake, nilimwambia Zaina kwamba dada yangu wa Kasongo ni mgonjwa, aende akamwangalie. Akafunga mzigo, akaondoka bila kuuliza. Huo ndio uovu wangu hasa. Mdomo ambao mama yake angeutumia niliuondoa kijijini kwa mikono yangu.

Ajenti akaja. Wanaume walikaa mbele, wanawake wakasimama nyuma karibu na majiko. Ajenti aliuliza kwa Kiswahili chake cha kuvunjika kama kuna mwenye kudai vichuguu vile. Wanaume wakatazamana, kisha wakageuka kuwatazama wanawake. Kichuguu cha mwanamke hakidaiwi na mwanaume, angechekwa mpaka kaburini.

"Weye unajua luga yao," ajenti akaniambia. "Kwenda uliza wale wamama."

Nikaenda. Nilitembea polepole ili anione vizuri. Na mama mkwe aliponiona nakuja, akafanya kile nilichojua atafanya. Akavuta kikwembe kichwani, akachuchumaa, akanipa mgongo. Wanawake wengine walimtazama yeye. Mwenye kitu akiwepo, hakuna mwingine wa kumsemea.

Nikauliza kwa Kibangubangu, kwa sauti, kila mtu asikie. Kuna anayedai?

Mama mkwe aligeuza kichwa huku na huku chini ya kikwembe, akimtafuta binti yake. Nami nikamgeukia ajenti nikasema, "Hakuna, Bwana."

Ndiyo hivyo. Sikumpiga mtu, sikughushi kitu. Niliuliza swali la sheria, mbele ya watu, kwa lugha yao. Mafurere wasingenipunguzia hata alama moja.

Nikawa kapita. Nikapewa koti la mvua na nyumba ya bati. Watu wa sururu waliingia kwenye vichuguu, tanuri likawaka, kuta zikapanda haraka na Mzungu akaanza hata kutania watu. Zaina alirudi, akapita nyuma ya kijiji, akaona mashimo. Alinikuta nakula.

"Dada yako nilimukuta anatwanga mihogo," akasema. "Haiko mugonjwa, hajaugua hata siku moja. Juu ya nini ulinituma?"

Niliendelea kula, na kila nikikumbuka kwamba niliendelea kula, moyo unaniuma kuliko mambo mengine yote.

Mvua za kwanza zikanyesha. Kwenye vichuguu vya nyumba nyingine kumbikumbi waliruka, watoto wakakimbizana nao. Kwake hakukutoka kitu. Siku hiyo, mchana, mama mkwe alikuja kwenye ujenzi. Watu wa zege walimwona kabla yangu na wakaacha mabeleshi. Alikuja moja kwa moja hadi nilipo, kichwa wazi, akasimama karibu kiasi cha kunigusa.

"Niangalie," akasema.

Nikatazama chini. Mimi ndiye niliyetafuta mahali pa kujificha.

"Niangalie, nasema. Ile siku nilinyamaza juu ya kukuheshimu. Weye ulikamata heshima yangu, ukaifanya kamba ya kunifunga mudomo. Basi leo uso yangu iko hii. Angalia yote."

Mkandarasi alipiga kelele kutoka kwenye kivuli kwamba nimwondoe mama huyo, kazi imesimama. Sikumwondoa. Aliondoka mwenyewe, taratibu, na hakuna fundi aliyerudi kazini mpaka alipopotea njiani.

Kwetu mama mkwe akishakufanyia hivyo, hakuna ndoa tena. Wajomba zake Zaina walinirudishia mbuzi wote wa mahari, wakawafunga mlangoni pangu mbele ya watu wangu wa kazi. Zaina alikuja nao kuchukua sufuria zake. Hatukuwa tumejaliwa mtoto. Nilimwomba anisikilize, akasema amenisikiliza siku ile niliyomtuma Kasongo.

Nililia. Naandika wazi, kapita mzima nililia kwenye nyumba ya bati.

Kesho yake nilikwenda kwa ajenti. Nilimweleza kila kitu, mkwe, kikwembe, safari ya mke wangu. Nikamwambia nilivyofundishwa na Wazungu wenzake, kwamba mapatano ya hila si mapatano, kwa hiyo ule ukimya hauna nguvu na kazi isimame. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ile sheria iko ya watu na watu," akasema. "Hapa iko Bula-Matari. Na weye umesema sasa hivi kama ulidanganya Bula-Matari."

Nikapelekwa buloko, gerezani. Nilikata majani ya barabara ya Kabambare nikiwa na namba kifuani, na malori ya matofali ya yule bwana yakinipita.

Sasa nisikilizeni, nyinyi mnaoniita mjinga kwa sababu ya siku ile ya ofisini. Wapo, tena wenye viatu na kalamu mfukoni, wanaosema ningenyamaza tu ningekuwa mkandarasi leo. Niliposema uongo nilipewa koti la mvua. Niliposema kweli nilipewa panga la kufyekea majani. Sheria iliyonipangia zawadi hizo sitaiinamia kichwa, na kifungo kile sikihesabu kuwa aibu. Aibu yangu naijua ilipo, iko kwa mwanamke aliyechuchumaa. Nyingine zote warudishieni wenyewe.

Bado sijamaliza. Nilipotoka, yule mkandarasi alikuwa amepata nyumba nyingine ya kujenga, ya wauguzi, na alitaka vichuguu vilivyobaki ng'ambo ya kijito. Hila yangu ilikuwa imemfurahisha. Alimtafuta fundi kijana, mume wa mdogo wake Zaina, akamwandaa kuuliza swali lile lile. Habari ikanifikia shambani kwangu. Nikaenda kwa miguu, nikaketi kati ya wanaume ambao hakuna aliyenisogezea nafasi.

Ajenti alikuwa mwingine, mgeni. Alipomtuma yule kijana kwa wanawake, nilisimama.

"Huyu hawezi kuuliza," nikasema. "Yule mama iko mukwe wake, hawezi kumujibu. Nipe miye niulize."

"Weye ni nani?"

"Miye ni ule walifunga juu ya hivi vichuguu. Miye haiko mukwe wa hapa tena."

Baadhi ya wanawake walicheka. Mkandarasi alianza kusema kwa Kifaransa, kwa haraka, akininyooshea kidole. Ajenti alinitazama, akamtazama yeye, kisha akaniashiria niende. Na nikaenda, njia ile ile, hadi mbele ya mama. Hakuvuta kikwembe. Hakuchuchumaa. Nikauliza kwa Kibangubangu kama kuna anayedai, nikamngoja.

Alinitazama usoni. Akamjibu ajenti, si mimi, tena kwa Kiswahili ili kusiwe na wa kumtafsiria.

"Iko yangu. Ilikuwa ya mama yangu. Na ile walivunja, ilikuwa yangu vilevile. Andika."

Ajenti akaandika. Lori limerudi Luama kuchota udongo, na faida ya yule bwana imerudi kuishia barabarani. Baada ya kusema, mama alipita mbele yangu bila salamu. Hakunisamehe, na sikumwomba. Zaina alikuwepo pia, kati ya wanawake. Ameolewa Salamabila, alikuja kumsalimu mama yake. Aliniangalia kama anavyomwangalia mtu yeyote.

Nyinyi vijana mnaosoma ujenzi kwa mafurere, siku moja mtatumwa kuwauliza watu kama wanadai ardhi. Kabla ya kufungua mdomo, jiulizeni nani hawezi kujibu kwa sababu ni wewe unayeuliza. Ukishamjua, kaa nyumbani, apelekwe mwingine. Ukienda huku unajua, sheria itakulinda, bwana atakupa cheo, na nyumba utakayojenga itasimama sawasawa, haina hata ufa. Mimi wakinihitaji nipo, naweza kutumwa kijiji kile wakati wowote. Hakuna tena mtu pale wa kunifichia uso.