Sauti Ndani ya Laptopu ya Mama

Mume wangu Kyule hutengeneza simu na laptopu hapa Mukuyuni, kwenye kibanda kilichobanwa kati ya duka la mbegu na kinyozi. Nyaya zinazorusha cheche anazishika kama mtu anayechambua mboga. Kitu kimoja tu duniani humtoa jasho: mama yangu. Kwetu Ukambani mwanamume na mama mkwe wake hawaketi pamoja wala kuzungumza ana kwa ana. Hiyo ndiyo nthoni, heshima yenye aibu ndani yake, na Kyule, licha ya kanisa lake na intaneti yake, anaishika kuliko wazee.

Kwa hiyo mama alipoleta laptopu yake iliyokuwa ikichukua asubuhi nzima kuwaka, aliketi nje kwenye stuli, akaupa mlango mgongo. Mimi nikasimama kizingitini kubeba maneno ya watu wawili wanaosikiana vizuri kabisa.

"Kasiva, mwambie hii mashine imechoka," mama akasema.

"Mwambie nitaiwekea mfumo mwingine, Linux," Kyule akajibu. "Ni wa bure, na si mzito. Ule wa zamani nitauacha, ikae miwili."

Nikapeleka. Mama akaitikia kwa kichwa.

Kyule alinakili barua na picha kwenye flashi, kisha akaiamuru mashine igawanye diski ili mifumo yote miwili ipate nafasi. Mstari ukaanza kutambaa kwenye skrini. Ndipo mama akasema, polepole, kwa kuwa hapendi kumsumbua mkwe wake kwa maneno mengi:

"Mwambie asiguse sauti ya baba yako. Iko huko ndani, sijui ni wapi."

Sikuhitaji kumwambia. Nilimwona akikauka. Baba, mzee Nthiwa, alifariki mwaka jana. Alikuwa akijirekodi kwenye laptopu hiyo akiifundisha kwaya nyimbo, na hakuna nakala popote. Juzi tu mama alinililia kwamba ameanza kusahau jinsi baba alivyokuwa akiliita jina lake, Kalekye. Na kazi ya kugawanya diski ikishaanza haikatizwi, maana unaweza kupoteza vyote. Betri ilikufa zamani. Mashine ilikuwa inaishi kwa waya.

Stima ikapotea.

Iliporudi, Kyule aliwasha, akatazama, akazima, akawasha tena. Diski ilisoma tupu. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi.

"Kasiva," akaninong'oneza, "mzee amekufa tena. Na saa hii ni mimi nimemuua."

"Mbona mmenyamaza?" mama akauliza bila kugeuka.

"Anaendelea, mama."

Niliogopa. Niliogopa hata kumtazama mama kisogoni. Maji yakimwagika hayazoleki, na mimi ndiye nitakayetumwa kumwambia yamemwagika.

Kyule akaiwasha Linux kutoka kwenye flashi nyingine, akafungua programu ya kuchimbua diski iliyoharibika. Tukangoja. Faili zikaanza kutoka bila majina, namba tupu. Akafungua ya kwanza: mluzi. Ya pili: kelele ya mchanga kwenye bati. Akapangusa kidole kwenye suruali, akabonyeza tena.

Ya tatu ikakohoa.

"Kalekye," baba akasema, "hiki kidude kinarekodi kweli, ama naongea na ukuta?"

Ikakatikia hapo.

Nje stuli ilianguka. Mama aliingia, akanipita, akasimama bega kwa bega na mkwe wake. Kyule akainuka kutoroka, lakini kibanda kina mlango mmoja, na mama alikuwa upande wa mlango.

"Kyule," mama akasema. Miaka yote ya ndoa yetu sikuwahi kumsikia akilitaja jina hilo. "Rudisha nyuma."

"Ndiyo, mama."

Akarudisha. Akarudisha tena, na tena, huku jasho likimtiririka, na hakuna aliyenituma neno.