Matanga Yaliyozuia Katapila

Wanaosema Léoncie ni mkorofi hawajakosea. Mimi Sheikha, mama yake Lamya, mwenye duka la sukari na sabuni ng'ambo ya njia kutoka kwake hapa Cibitoke, nimegombana naye miaka mingi, mara kwa sababu ya kuku, mara kwa sababu ya maji ya kufulia. Na bado nasema: mtaa huu ungekosa mkorofi mwaka ule wa 2001, leo ungekuwa majivu.

Nyuma ya nyumba zetu kulikuwa na uwanja. Humo Léoncie alilima mboga za lenga-lenga, akaziuza kwa mafungu, akamsomesha mwanawe Eddy na wadogo zake wawili. Mumewe, Salvator, alikuwa dereva wa siterne, lori la tangi la mafuta. Mwaka 1996, wakati wa vita, aliviziwa njia ya Bugarama. Siterne ilikutwa imebaki chuma cheusi. Yeye hakuonekana, hata kiatu. Tulikwenda na mikeka kuweka matanga, Léoncie akatufukuza wote. "Aliruka kabla ya moto," alisema. "Atarudi." Kwa miaka mitano, aliyethubutu kumwita mjane alitukanwa mpaka ukoo wake.

Ndipo kampuni moja ikaja na mpango wake: uwanja ule uwe parking ya makamyo na masiterne yanayosubiri kushusha mizigo kwenye viwanda vya Zone Industrielle. Hatua ishirini kutoka vitanda vya watoto! Na siku hizo risasi zilikuwa zikipita juu ya mabati yetu kila wiki. Moja tu ikigusa siterne, avenyu nzima inaungua. Hilo hata wale kuku wa Léoncie walilijua.

Tukaandika barua, tukatia sahihi, wasiojua kuandika wakatia vidole gumba. Jibu: tutajengewa ukuta. Ukuta, jamani! Tukataka kukutana, askari wakatutawanya, maana mkutano bila ruhusa ulikuwa kosa. Injinia wa kampuni, kijana aitwaye Loïc aliyekuwa akishuka kutoka Kiriri, mlimani kwa matajiri, kwa gari la vioo vyeusi, akatangaza kwamba katapila itaanza kuchimba Jumatatu.

Jumapili Léoncie aliingia dukani kwangu. Hakununua kitu.

"Mama Lamya, unipe mikeka yako yote."

"Ya nini?"

"Ya matanga ya Salvator."

Kwa desturi yao Warundi, msiba ukishawekwa, jembe haligusi udongo wa pale mpaka matanga yaondolewe. Ni mwiko, anayechimba anajiitia kifo nyumbani kwake. Na matanga hayaombewi ruhusa kwa askari. Mwanamke yule alikuwa amefikiria yote. Ila ilimpasa kwanza aseme kwa kinywa chake kwamba mumewe amekufa, kisha na lenga-lenga zake aziache zimezwe na magugu. Nilimpa mikeka, nikamsaidia kuibeba mpaka uwanjani.

Jumatatu asubuhi tulijaa uwanjani, wanawake mikekani, wanaume wamesimama. Katapila ikaja ikinguruma. Dereva wake, Jovithe, mtu mzima kutoka Gitega, alipotuona alizima mashine, akashuka na kuvua kofia.

"Poleni, ba mama. Nani amekufa?"

Léoncie alisimama.

"Bwana yangu, Salvator. Amekufa. Aliungua mu siterne."

Niliuma kitambaa changu nisipige yowe. Loïc akashuka garini mbio.

"Jovithe, washa mashine! Tuko na programu."

"Apana, chef. Mi siwezi chimba mu matanga. Kirazira, ni mwiko. Niko na batoto. Utafute mutu mwingine."

Loïc akamgeukia Léoncie, sasa kwa adabu kidogo.

"Mama, matanga inaisha siku gani?"

"Tukisha kumuzika."

"Na mutamuzika lini?"

"Siku utaniletea maiti yake. Iko njia ya Bugarama. Enda uitafute."

Wanaume wakacheka. Mimi sikucheka. Loïc akawatazama askari wawili aliokuja nao. Askari walikuwa wanatazama viatu vyao. Nao wana mama zao.

Wiki ile walileta madereva wengine wawili. Wa kwanza aliona mikeka kwa mbali, akageuza. Wa pili alikunywa chai yetu, akatoa rambirambi, akaenda zake. Tulikaa kwa zamu miezi miwili, kwenye jua na kwenye mvua, mpaka kampuni ikachoka, ikaipeleka parking yake karibu na maghala ya bandari, mahali ambapo hata mlevi angewaonyesha tangu mwanzo.

Habari ilipofika, avenyu nzima ilipiga vigelegele. Watu walikumbatiana njiani, hata waliokuwa hawasalimiani. Nikakimbilia kwa Léoncie, nikamkuta amekaa palepale mkekani.

"Mama Eddy, tumeshinda! Ondoa matanga sasa!"

Aliniangalia kwa upole nisiouzoea.

"Nyinyi mumeshinda," akasema. "Mi nimefiwa."

Kisha akalia, kilio cha miaka mitano. Nikaketi kando yake, duka langu liko wazi mchana kweupe, na mwenye kutaka kuiba aibe.