Nilivyomnoa quarterback aliyekuwa anaomba samahani kila dakika, hapa Brussels

Wakuu, heshima zenu popote mlipo.

Hiki ni kisa changu mwenyewe, sijakiongeza chumvi. Majina tu ndiyo nimebadilisha, maana wahusika wapo na wengine wanasoma humu.

Mimi ni Mtanzania, mtoto wa Morogoro. Nafanya IT support kwenye ofisi moja maeneo ya Schuman. Zamani nilisoma Marekani, chuo kidogo tu, na huko nikajiunga na timu ya American football. Sio soka jamani. Ule mchezo wa helmet na mpira uliochongoka pande mbili. Nilikuwa quarterback wa akiba, tena wa mwisho kwenye foleni, kwa hiyo mechi nyingi niliziangalia nikiwa nimevaa jezi safi.

Kwa msiojua, quarterback ndiye anayepokea mpira kila shambulizi linapoanza. Anaamua aurushe kwa nani au ampe nani akimbie nao, na anaamua huku majitu ya upande wa pili yanamjia kumlaza chini. Timu nzima inasubiri sauti yake.

Sasa, mwaka juzi jamaa mmoja kazini akaniambia kuna timu ya wanafunzi inafanya mazoezi Woluwe-Saint-Lambert na haina wa kuwafundisha warushaji. Nikaenda Jumamosi moja kuchungulia. Kocha mkuu ni Mbelgiji mmoja mwenye ndevu, tumuite Luc. Aliposikia nimewahi kucheza Marekani akanipa filimbi hapohapo, hata hakuuliza kama nilikuwa nacheza au nakaa benchi. Na mimi sikumsumbua na maelezo.

Quarterback wao alikuwa amehitimu na kuondoka. Aliyebaki ni Héritier.

Héritier ni kijana wa Lubumbashi, mwanafunzi wa nursing, alikuja huku na mama yake akiwa mdogo. Mrefu, mkono wake una nguvu za ajabu. Alikuwa golikipa wa handball. American football ndiyo kwanza alikuwa na miezi michache, na nafasi ile alipewa kwa sababu hakukuwa na mwingine.

Mkono haukuwa tatizo. Tatizo lilikuwa adabu.

Kijana amelelewa vizuri kupita kiasi. Kwenye duara la kupangana mchezo alikuwa anawaambia wenzake, "Pardon, kama haibasumbui..." Wale Wabelgiji wa mbele, watu wazito kama friji, wanamkodolea macho. Akikosea anaomba samahani. Akikosea mwingine, anaomba samahani yeye!

Mechi ya kwanza ilikuwa aibu. Alikuwa anaung'ang'ania mpira akisubiri mwenzake awe huru kabisa, na ukisubiri hivyo kwenye mchezo huu umechelewa. Walimlaza chini mpaka jezi haisomeki namba. Mara tatu akaurusha kwa wapinzani.

Nikamkuta nyuma ya vyumba vya kubadilishia nguo, kavua helmet, mvua inamnyeshea.

"Tonton, miye nawaacha. Bantu banapoteza juu yangu." Yaani mjomba, watu wanafungwa kwa sababu yake.

"Unataka kuacha au unaona aibu?"

"Haya. Njo haya tu." (Kwao "njo" ni "ndiyo".)

"Basi njoo Jumanne."

Wakuu, kumbukeni timu yenyewe ilikuwa inakufa. Wachezaji walikuwa wameanza kuhamia rugby. Luc alishaniambia kwamba tukimaliza msimu bila quarterback wa kueleweka, mwakani hawaandikishi timu. Nilianza kuipenda ile timu, nisiwafiche. Ukitoka ofisini ambako kutwa nzima unaambiwa printer imegoma, kukimbia kwenye tope na vijana ni dawa.

Tukaanza upya, mimi na yeye.

Zoezi la kwanza lilikuwa kuniamrisha. Namsimamisha upande huu wa uwanja, mimi upande ule, anipigie kelele niende wapi. Siku ya kwanza akaniita, "Tonton, s'il te plaît, unaweza kwenda kuume?" Nikakaa chini kwenye nyasi nikakataa kuamka. Akabembeleza. Nikagoma. Mwishowe uvumilivu ukamwisha: "TONTON, LAMUKA! KUUME!" Watu waliokuwa wanatembeza mbwa wakageuka.

(Wakongo upande wa kulia wanasema kuume. Mimi nilipomwambia "kulia" akaniuliza, "Nilie juu ya nini?" Tukacheka mpaka basi.)

Zoezi la pili lilikuwa kurusha mpira mahali ambapo mtu bado hajafika. Naweka koti langu chini, naanza kukimbia kutoka mbali, yeye aulenge mpira kwenye koti kabla sijalifikia. Hili lilimtesa zaidi.

"Na kama hautafika?"

"Hiyo kazi yangu. Yako ni kurusha."

Koti likawa halitamaniki. Baridi ikaingia, vidole vinakufa ganzi, tunaendelea. Taratibu mpira ukaanza kunikuta pale pale, kifuani, hata sijaunyooshea mkono.

Kizingiti kingine kilikuwa mama yake, Maman Béa. Mechi ni Jumapili, na Jumapili ya Maman Béa ni ya kanisa. Akaniita kwake Auderghem. Nikakuta sombe (kisamvu chetu), samaki na bukari, yaani ugali, nikajua hapa nahojiwa.

"Papa coach, mutoto ni mumoja tu. Bakimuvunja, utanipa mwingine?"

Nikamwambia siwezi kumuahidi kwamba hataumia. Ila namfundisha kuona mapema na kuachia mpira mapema, na anayeachia mapema hapigwi sana. Akaniongezea bukari.

"Bon. Asali kwanza, njo acheze. Na miye nitakuja kuona."

Kuelekea mwisho wa msimu nikapata wazo. Ishara zote za pale mstarini, mpira unapokaribia kuanza, tukazigeuza Kiswahili. Kuume, kushoto, mbele, ngoja. Wabelgiji walifurahi kama watoto. Yule mzito kuliko wote akawa anaamkia watu "mambo" mpaka kwenye tram.

Mechi mbili zile ishara zilitubeba. Tukashinda zote.

Mechi ya mwisho tukakutana na walewale waliotuaibisha mwanzo. Maman Béa kaja na wamama wawili wa kanisani, wamepiga vitenge na makoti juu.

Dakika za mwisho tuko nyuma kidogo. Tukifunga touchdown moja, yaani kuufikisha mpira mwisho wa uwanja wao, mechi yetu. Mpira kwetu.

Héritier akapiga kelele, "Kushoto!" Wapinzani wote wakahamia kushoto. Tukalazwa. Akaita, "Mbele!" Wakajazana katikati. Tukalazwa tena.

Akaomba time-out, akanijia mbio.

"Tonton, ule mukubwa wa katikati anasikia Kiswahili! Ameniangalia, akacheka."

Mkongo mwenzake! Brussels hii, na mimi nilidhani nina siri.

Nikamwambia basi turudi kwenye Kifaransa, ampe mpira mtu wa karibu, tusogee kidogo kidogo.

"Hapana, tonton." Alisema akinitazama usoni. "Acha asikie. Nitamupa bongo."

Kwao bongo ni uongo, sisi wa Bongo tuvumilie tu. Nikamtazama Luc, hakuelewa neno. Nikasema, "Timu yako. Nenda."

Wakapangana kwenye duara. Safari hii hakuomba ruhusa ya mtu, nilimuona anawanyooshea vidole wale mafriji mmoja mmoja, nao wanaitikia kwa vichwa.

Mstarini akapaza sauti uwanja mzima ukasikia: "KUUME! KUUME!"

Yule mkubwa akawasukuma wenzake wote upande huo. Héritier akageuka kushoto akauachia mpira kwenye kona ambayo haikuwa na mtu. Tupu kabisa. Kisha winga wetu akatokea mbio na kuudaka, miguu yote miwili ndani ya mstari.

Touchdown. Wamama wa kanisani walipiga vigelegele ambavyo Woluwe haijawahi kusikia.

Filimbi ya mwisho ilipolia yule mkubwa alimjia Héritier. Wazazi wake ni wa Likasi, kakulia Liège. Akamkumbatia huku anacheka: "Weye ni muntu ya bongo sana!" Maman Béa akamualika naye kula, na akaja kweli, akamaliza sombe.

Timu imeandikishwa tena. Msimu huu Héritier mwenyewe anamfundisha mrushaji mpya, binti wa mwaka wa kwanza, na mimi naitwa pale panapohitajika mtu wa kukimbizwa.

Nilichojifunza: mtu mpole hahitaji kubadilishwa awe mkali. Mpe mahali pa kupazia sauti, kisha siku akikupinga kwa hoja, mpishe.

Haya wakuu, uwanja ni wenu. Nani humu amewahi kumfundisha mtu kitu mpaka akamzidi? Ulijisikiaje? Na wale wa kuniuliza nilishinda mechi ngapi Marekani, nawaona, msijisumbue.