Chui wa Kucheka

Gérard alikuwa mchonga vinu wa Kabambare, na mkono wake ulijulikana mpaka Kasongo. Kwa hiyo radi ilipoua mvule mkubwa uliosimama mbele ya ofisi ya teritwari, administrata, Mzungu aliyetawala wilaya ile, alimwita yeye.

"Usiukate," alisema yule Mzungu. "Nichongee chui humo humo. Wageni wanakuja kutoka Ulaya."

Gérard alilitazama lile shina, mate mazito yakamjaa kinywani. Chini yake ndipo wakulima ambao pamba yao haikufikia kipimo cha serikali walipolazwa kifudifudi wakachapwa kiboko. Yeye mwenyewe, kwa pamba hiyo hiyo, alilazwa pale, kaptura imeshushwa, huku mama mkwe wake akipita na kikapu cha mihogo. Tangu siku ile mama yule hakukanyaga tena kwao.

"Kataa, baba," mkewe Régina alimwambia.

"Nikikataa, watanilaza pale pale."

Akashika tezo. Ndani mti ulikuwa umeoza, unatoa maji meusi yenye harufu ya nyama iliyovunda. Alinawa kwa majivu kabla ya kula, lakini kila tonge la bugali lilimnukia mvule. Chui alipoanza kutokea, administrata alikunja uso.

"Meno haya yanatisha. Mufanye acheke."

Gérard akamchongea kicheko. Hakuna alichokichukia kama mkono wake mwenyewe siku ile.

Wageni walifika. Bibi mmoja wa Kizungu alimpapasa chui kichwani kama mbwa wa nyumbani, wenzake wakacheka. Kisha administrata akamwagiza Gérard avue shati, ajifunge ngozi, apige magoti kando ya chui apigwe picha.

Gérard alitema mate chini, karibu na viatu vya bwana.

"Hapa nilishalala, Bwana. Kupiga magoti, hapana."

Polisi wakamburuta mpaka buloko. Alipotoka, miguu imevimba, Régina alikuwa amekwisha kufunga mizigo. Walihamia Kasongo, kwa kaka yake Régina.

Huko alichonga vinu, michi na viti. Siku moja Zuberi, mwenye duka karibu na soko, alimwomba tembo wa kusimamisha mlangoni.

"Mimi sichongi kitu chenye macho," Gérard alijibu.

"Ni tembo tu, ndugu yangu! Watu wafurahi."

"Ndiyo hiyo furaha inanitapisha," akasema, akainamia kinu chake.