Mkate wa Masere

Mkate wenyewe ulikuwa mtamu. Naliweka hili mbele kabisa, kwa sababu watu wakisikia kuwa mtoto alikuwa akificha mkate wa mama yake, haraka wanamtafutia sababu: labda mama hakujua kupika, labda mkate uliungua. Hapana. Mama alijua kupika na mkate haukuungua hata mara moja. Mimi ndiye niliyekuwa mbaya, na nilikuwa na miaka kumi na mmoja, umri ambao tayari mtu anajua anachokifanya.

Tuliishi kambi ya wafanyakazi wa reli, mjini Elisabethville, wakati Wabelgiji bado wamekaa juu ya viti vyao bila wasiwasi. Baba alikuwa fundi wa reli. Yeye na mama walishuka kutoka kaskazini ya Katanga kabla sijazaliwa, wakapewa nyumba ya matofali yenye vyumba viwili na jiko la nyuma lisilo na ukuta. Kila Alhamisi ilitolewa posho: unga wa mahindi, maharage, samaki wakavu, mafuta, chumvi. Ijumaa mchana, nikirudi kuteka maji, nilimkuta mama ameshatenga unga wa mkate kando.

Alichukua ndizi zilizoiva hadi zikawa nyeusi, akaziponda kwa mkono. Akatia unga, chumvi kidogo, karanga zilizotwangwa nusunusu, halafu kikombe cha munkoyo, kile kinywaji chetu cha mahindi na mizizi, kilichokaa siku mbili kikaanza kutoa mapovu. Munkoyo ndio uliouinua unga. Akaufunga wote kwa majani ya mgomba, akauweka ndani ya chungu cha chuma, makaa chini, makaa mengine juu ya kifuniko. Saa hatukuwa nayo. Mama aliinama, akanusa, akasema "bado", akarudi kuchambua maharage yake. Akinusa mara ya tatu au ya nne alisema "sasa", na haikuwahi kutokea akakosea. Mkate ulitoka mwekundu nje, laini ndani, na uchachu kidogo ukija baada ya utamu.

Nilisoma kwa watawa, ambao sisi wote tuliwaita bamasere. Mwaka ule alifika Masere mpya kutoka Ubelgiji, kijana, mwenye madoadoa usoni. Wenzake wazee walizungumza Kiswahili kutupita sisi wenyewe, lakini huyu alijua "jambo" na "apana", basi. Alitufundisha Kifaransa na mapishi. Jumamosi, saa ya mwisho kabla ya kwenda nyumbani, kila msichana alileta kitu kilichookwa kwao. Masere alivipanga juu ya meza yenye kitambaa cheupe, akakata, akaonja, akamwambia kila mmoja neno. Mabinti wa bakalaka, makarani wa maofisi, walileta gato, yaani keki, la mayai na sukari, au biskuti zilizokatwa kwa mdomo wa glasi. Mama zao walihudhuria darasa la wanawake, walikuwa na matanuri ya bati na vitambaa vya meza.

Jumamosi ya kwanza mama aliufunga mkate kwa kitambaa, akauweka juu ya sahani yake ya bati yenye ukingo wa buluu, akanipa kama anayenikabidhi mtoto mchanga. Njiani nikakutana na mabinti wawili wa makarani. Hatujapiga hatua ishirini, mmoja akainua pua.

"Munasikia? Kitu gani inanuka munkoyo?"

"Labda kuko bantu banapika kule," nikasema, nikahamisha sahani upande wa pili.

Wakacheka, wala si mimi waliyenicheka, walicheka tu. Ilitosha. Tulipofika shule nilisema tumbo linaniuma, nikaenda nyuma ya kabine, yaani vyoo vyetu, nikachuchumaa pale kwenye harufu yake yote, nikaula mkate mzima. Niliula haraka mpaka machozi yakanitoka. Sahani nikaificha ndani ya mfuko wa daftari.

Masere alipofika kwangu, aliniuliza: na wewe? Nilikuwa wa kwanza darasani kwa Kifaransa, na nilikitumia Kifaransa changu kizuri kumjibu kwamba kwetu hatuna tanuri na mama yangu hajui kuoka. Akanishika shavu. Akakata kipande kikubwa cha gato la mmoja wa wale mabinti, akanifungia nipeleke nyumbani. Ilikuwa huruma, nami niliipokea kwa mikono miwili na kusema asante.

Sasa, kwetu kuna desturi. Ukimpelekea mtu chakula kwenye sahani, hakurudishii sahani tupu. Anatia kitu ndani, hata kama ni mayai mawili, hata chumvi tu. Ni namna ya kusema: nimekuona, wewe na mimi tu sawa. Mama hakutegemea Mzungu ajue jambo hilo. Lakini nilipofika, kwa kuwa sikuwa na pengine pa kukibebea, kile kipande cha gato kilikuwa juu ya sahani yake. Alifunua kitambaa, akakaa chini.

"Masere njo anatuma hii?"

"Ndiyo, mama."

"Kumbe banajua desturi." Alikitazama muda mrefu. "Na juu ya mukate, alisema nini?"

Hapa ningeweza kusema lolote. Ningeweza kusema "asante" na kunyamaza. Lakini uso wake ulikuwa umefunguka kwa namna ambayo sikuizoea, na nilitaka ubaki hivyo.

"Alisema iko muzuri sana. Inapita ya bale bengine. Anaomba ulete tena."

Mama alikata gato vipande vinne, sisi watoto wanne. Yeye mwenyewe hakujibakizia kitu. Makombo aliyafunga kwenye karatasi akaenda kumwonyesha jirani, na hadi jioni mstari mzima wa nyumba zetu ulijua kwamba Masere kutoka Ulaya anakula mkate wa mama yangu.

Mambo yakaenda hivyo miezi minne. Ijumaa mama alioka. Jumamosi nilikula nyuma ya kabine. Kisha Masere, kwa kunihurumia, alinipa kipande cha gato la watu wengine, nikakipeleka nyumbani juu ya sahani, mama akakipokea kama heshima yake. Nilikuwa nadanganya huku na huku, na pande zote mbili zilinipenda kwa ajili hiyo. Sijui kama kuna hali chafu kuliko hiyo.

Lakini kinachonichoma hata leo si uongo. Ni wadogo zangu. Mdogo wangu wa kike alikuwa na miaka sita, wale wawili wa kiume wadogo zaidi. Ijumaa nzima walizunguka kile chungu wakinusa, na mama akawaambia, "Muache, hii ni ya Masere." Unga wa posho haukuwa wa kutosha mikate miwili. Wao walipewa majani ya mgomba, walambe kilichonata. Nami nilikaa pale pale nikiwatazama wakilamba, nikijua kesho nitakula mkate wote peke yangu, na sikusema kitu. Mara nyingine niliwafokea wasichafue nguo. Ni mimi kweli niliyefanya hivyo, na hakuna aliyenilazimisha.

Msifikiri nilifurahia. Baada ya wiki za kwanza mkate niliumeza kama dawa. Lakini kuutupa nilishindwa, kwa kuwa ulikuwa wa mama, na kuuweka mezani nilishindwa, kwa kuwa ulikuwa wa mama.

Jumamosi ya mwisho kabla ya likizo, asubuhi nikiwa navaa, nikamwona mama amefunga liputa, kitenge chake cha ndoa, na kitambaa kipya kichwani. Mkate alikuwa ameushika yeye.

"Unaenda wapi, mama?"

"Kumusalimia Masere. Muntu anakula chakula ya mukono yako miezi ine, na hauyaenda kumusalimia? Ile haiko heshima."

Nikasema Masere ni mgonjwa. Akasema basi tutampa pole. Nikasema nadhani amesafiri kwenda Kambove. "Tutamungoja," akasema, na akatangulia mbele.

Tulimkuta peke yake darasani, wenzangu bado hawajafika, anafuta ubao. Wale wazee waliojua Kiswahili walikuwa kanisani. Kwa hiyo hapakuwa na mkalimani mwingine ila mimi. Mama akapiga goti kidogo, akampa mkono, huku mkono wa kushoto umeshika kiwiko cha kulia, kama inavyopasa.

"Muambie minamushukuru sana na gato yake yenye anatutumiaka."

Nikamwambia Masere kwamba mama anashukuru kwa gato. Huo ulikuwa ukweli, na nikadhani huenda tutapita salama. Masere akatabasamu, akasema si kitu, maskini, kwa kuwa hamna tanuri. Nikamwambia mama, "Anasema si kitu."

Ndipo mama akafunua mkate.

Masere aliukata kwa kisu chake cha Jumamosi. Akachukua kipande, akakigeuza. Akakinusa. Akaweka ncha ya ulimi, halafu akauma, nyusi zikapanda. Akagusa karanga kwa kidole, akaniuliza hizi ni nini. Akauliza kinachouinua ni nini, kama ni hamira. Akauma tena, akafumba macho, akasema maneno mengi kwa haraka, akimtazama mama, mkono kifuani. Alisema hajaonja kitu kama hiki tangu ashuke kwenye meli. Kisha akanigeukia, na sauti yake ikashuka.

"Ulisema mama yako hajui kuoka."

Nikaanza kuokota makombo mezani.

"Anasema nini?" mama akauliza.

"Anasema iko muzuri."

Mama hakuwa na Kifaransa hata kidogo. Lakini maisha yake yote alikuwa amewapakulia watu chakula na kuwatazama wakila. Alimwona mtu anayegeuza kipande, anayenusa, anayeuliza kwa kidole. Mtu aliyekula kitu miezi minne hakitazami hivyo. Nilimwona anaelewa. Hakuruka wala kupiga kelele. Mikono yake tu, iliyokuwa inakunja kile kitambaa, ilisimama.

Masere hakujua lililokuwa likipita kati yetu. Akasema, mwambie mama yako tafadhali, kama anaweza, aniletee mwingine baada ya likizo, kila Jumamosi kama anapenda. Nikatafsiri, neno kwa neno safari hii, kwa sauti ambayo sidhani ilisikika vizuri.

Mama akaanza tena kukunja kitambaa.

"Muambie apana," akasema. "Muambie bunga ni ya batoto. Bale badogo habayakula mukate hata siku moja."

Nikasema hivyo kwa Kifaransa. Masere akanitazama mimi, akamtazama mama, akaweka kipande chake mezani. Nadhani na yeye alielewa wakati huo. Alikuwa mwekundu hadi shingoni. Mama alimpa mkono tena, kwa heshima ile ile, akaaga, na ule mkate uliokatwa akaufunga upya, tukaondoka nao.

Tulitembea hadi karibu na njia ya reli. Nilikuwa nangoja kofi. Nilikuwa nimeliandalia shavu, nilitaka lije, lije haraka, lipite. Mama alikuwa na mkono mzito, sisi watoto tuliufahamu vizuri.

"Ile mikate yote," akasema bila kunitazama, "ulikuwa unaitupa?"

"Apana, mama. Nilikuwa nakula."

"Wapi?"

"Kunyuma ya kabine."

"Peke yako?"

"Peke yangu."

Akasimama. Treni ya mizigo ilikuwa inapita, tukangoja ipite, mabehewa mengi ya shaba, na nilishukuru kwa zile kelele. Ilipokwisha kupita, mama alinigeukia, na usoni mwake sikuona hasira. Alikuwa ananitazama kama alivyonitazama nilipokuwa na homa.

"Mukavu vile?" akauliza. "Bila hata chai?"

Nikalia palepale kwenye reli, kwa sauti, watu wakigeuka kutazama. Hakunibembeleza, lakini alingoja nimalize. Baba hakuambiwa kitu, wala jirani, wala hata wadogo zangu, ambao jioni ile walikula mkate hadi wakashiba na kuniuliza mbona mimi sili. Mama hakulitaja jambo lile tena hadi alipokufa. Angenipiga siku ile, ningekuwa nimeshasahau.